Kabati la Jikoni Haliuawi na Ubao

Mteja wa makabati ya jikoni akiingia katika karakana za Keko, Dar es Salaam, au za Gikomba, Nairobi, swali lake la kwanza huwa la ubao. Hili ni MDF au chipubodi? Mna plaiwudi ya marini? Mninga mtupu ni bei gani? Swali si baya, ila limewahi mno. Kabati la jikoni ni nadra kufa kwa sababu ya ubao wake. Huuawa na maji yaliyopanda kutoka sakafuni, au na ukuta ulioshindwa kuushika mzigo. Mara nyingine linabaki zima lakini mpishi analikimbia, kwa kuwa aliyelipima hakumpima yeye. Maji, ukuta na mwili wa mpishi, vyote vitatu viko nyumbani, na fundi aliye karakanani havioni. Kwa hiyo nasema hivi: mwenye nyumba anayebadilisha makabati yake ana sababu nzuri ya kuifanya kazi ya kupima na kufunga kwa mikono yake, na ana sababu nzuri vilevile ya kutoigusa kazi ya kukata.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayokula polepole. Chipubodi na MDF hutokana na mti uliosagwa, chipubodi kwa chembe na MDF kwa nyuzi laini, ukachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Uso wake ukishafunikwa kwa melamini, maji yakimwagika juu yake unayafuta na habari inaisha. Ukingo uliokatwa ni habari nyingine. Hapo nyuzi ziko wazi, na zinanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ubao ukishavimba haurudi unene wake hata ukianikwa juani wiki nzima, kwa sababu ule mshindilio wa kiwandani umeachia. Sasa tazama jikoni zetu zinavyosafishwa. Watu hudeki. Ndoo inamwagwa, ufagio unasukuma maji hadi mlangoni, na kabati lililosimamishwa moja kwa moja juu ya marumaru linaoshwa miguu kila asubuhi. Dalili huanzia kwenye sentimita mbili tatu za chini: melamini inainuka kama gamba, kisha ubavu unanenepa, kisha mlango unakataa kufunga. Hapo watu husema waliuziwa ubao feki. Lakini inua macho uangalie kabati la ukutani lililokatwa kutoka shiti ile ile, siku ile ile, na fundi yule yule. Lenyewe liko zima. Kama kosa lingekuwa la ubao, yangekufa yote mawili.

Mninga nao hauponyi kosa hilo. Mbao nzima hupanuka na kunywea kwa upana wake kadiri hewa inavyobadilika unyevu, na ncha yake iliyokatwa, ile unayoona miviringo ya mti, hunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubao. Ukiisimamisha ncha hiyo juu ya sakafu inayodekiwa, unanunua uozo kwa bei ya juu. Plaiwudi ya marini ina gundi isiyoyeyuka kwa maji, na hiyo ni sifa kubwa, ila kilichopo kati ya gundi na gundi bado ni mti, na mti ukikaa majini huoza. Dawa ya kweli ni ya bei ndogo na haina fahari. Ni miguu ya plastiki inayozungushwa kurefuka na kufupika, inayoliinua sanduku la kabati sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na mbele yake kibao chembamba cha kuficha nafasi hiyo, kinachobanwa tu ili kiweze kuchomolewa. Maji yanapita chini, yanakauka, na ufagio unafika mpaka nyuma kwenye maskani ya mende. Kisha kila ukingo uliokatwa nyumbani, tundu la bomba, duara la sinki, kona iliyochongwa kupisha nguzo, upakwe vanishi au silikoni kabla kitu chochote hakijawekwa juu yake. Ni kazi ya nusu saa, lakini mtu aliyelipwa kwa siku moja na anayesubiriwa na mteja mwingine jioni hiyo hiyo, ndiyo atakayoiacha kwanza. Hakuna atakayeiona. Anayeijali ni yule atakayekaa na kabati hilo miaka kumi.

Lakini kabla ya kubomoa, inafaa kuuliza ni kipi hasa kimekufa. Nyumba nyingi, kuanzia Mombasa mpaka Mwanza, zina kaunta ya zege iliyokaa juu ya vikuta vya matofali, na mbao iliyopo ni fremu na milango tu. Kaunta ya namna hiyo ni mali. Haivimbi, hailiwi na mchwa, hubeba jiwe la kusagia na ndoo ya maji bila kulalamika. Kuivunja ili kuweka masanduku ya MDF kwa sababu picha za kwenye simu zinaonyesha masanduku ya MDF ni hasara iliyovaa nguo ya maendeleo. Hapo kinachohitaji kubadilishwa ni fremu, zikatwe fupi zisiguse sakafu, pamoja na milango na bawaba. Hata penye masanduku, yapime kwanza. Bonyeza kidole gumba kwenye ukingo wa chini. Kama hauzami na haumeguki, mwili ungali hai. Legeza skrubu moja ya bawaba. Ikitoka na unga wa mbao tu, tundu limechoka, lakini bawaba inaweza kusogezwa juu kidogo ikapata ubao mpya. Bawaba za kisasa, zile zenye kikombe kinachozama katika tundu la milimita 35 mgongoni mwa mlango, zina skrubu za kuusogeza mlango juu na chini, kushoto na kulia, ndani na nje. Milango mingi iliyotangazwa kuwa imeharibika inahitaji bisibisi na dakika tano.

Sasa ukuta, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa mtu anaweza kuumia. Chukua kabati la ukutani la kawaida, upana sentimita 80, kimo 72, kina 32, lenye rafu moja ndani, la ubao wa milimita 16. Likiwa tupu lina uzito wa kama kilo 20. Ongeza sahani 30 za udongo, bakuli, glasi, kopo la sukari, unga, chupa za mafuta, na bila kufanya fujo yoyote umefika kilo 50. Hizo kilo 50 ni mfuko mmoja wa saruji. Kwa hiyo kila kabati la ukutani lililojaa ni mfuko wa saruji ulioning'inizwa juu ya kichwa cha mtu anayeosha vyombo. Ukilifikiria hivyo, swali la skrubu gani na ziende wapi haliwi dogo tena.

Hesabu yake inaeleweka bila kusoma uhandisi. Kitovu cha uzito wa kabati hilo kiko kama sentimita 16 kutoka ukutani, na kabati linataka kuinama mbele kwa kuegemea ukingo wake wa chini. Skrubu za juu ndizo zinazolizuia. Zikiwa sentimita 64 juu ya ukingo huo, nguvu ya kuzichomoa ukutani ni robo ya mzigo, yaani kama kilo 12 na nusu kwa kilo zile 50. Zikishushwa hadi sentimita 32, katikati ya kabati, nguvu hiyo inakuwa nusu ya mzigo, kilo 25. Kabati ni lile lile na skrubu ni zile zile, ila kazi ya kuzichomoa imeongezeka maradufu kwa sababu mtu alichagua pale ambapo mkono wake ulifika kwa urahisi. Ndiyo maana kabati linalojengwa vizuri lina ubao mnene wa kupitishia skrubu ukiwa umelala mgongoni kwa juu kabisa. Ile karatasi ya milimita 3 ya nyuma haishikilii kitu, na skrubu iliyopitishwa hapo itabaki ukutani siku sanduku litakapokuja chini.

Kisha urefu wa skrubu. Ubao wa mgongoni una milimita 16 au 18. Lipu ina milimita 15 hadi 20, wakati mwingine zaidi pale ukuta ulipokuwa umepinda na mwashi akausawazisha kwa lipu. Ukitumia skrubu ya milimita 50, ambayo ndiyo inayopatikana kila duka, milimita 38 zimekwisha kabla hujagusa tofali, na zilizobaki 12 ndizo zinazokamata. Lipu yenyewe haihesabiki, ni ganda. Skrubu ya milimita 80 inaacha kama milimita 42 ndani ya tofali, na hiyo ndiyo inayostahili kuaminiwa, pamoja na plagi, kile kijiti cha plastiki kinachotangulia tunduni na kutanuka skrubu inapoingia. Wakati wa kutoboa, soma vumbi. Likitoka jepesi muda mrefu bila ukinzani, huenda bado uko kwenye lipu. Mashine ikihisi ukinzani wa kudumu, umefika kwenye tofali la saruji. Mashine ikizama ghafla, umeingia kwenye uwazi au kwenye kiungo chenye udongo dhaifu; sogea sentimita chache utoboe upya, usijidanganye. Tofali lililofyatuliwa kwa saruji kidogo humeguka kama mkate mkavu, na kwenye ukuta kama huo skrubu nne hazitoshi, ziwe sita au nane, na makabati yaungwe yenyewe kwa yenyewe ili jirani amsaidie jirani.

Inafaa niseme neno kuhusu video za mafunzo, maana watu wengi hujifunzia huko. Nyingi zimerekodiwa Marekani, ambako nyumba hujengwa kwa fremu za mbao na kufunikwa kwa mbao za jasi. Fundi wa kule hutafuta kwanza nguzo za mbao zilizofichwa ndani ya ukuta, ambazo kwa kawaida zimepangwa kila inchi 16, kama sentimita 40, na skrubu yake huingia kwenye mti. Somo hilo ni sahihi kwa nyumba ile. Kwenye ukuta wa tofali la saruji halina kazi, na mtu anayelifuata ataishia kununua kifaa cha kutafutia nguzo zisizokuwepo huku akikosa plagi. Na kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, hata somo letu la tofali halifai. Kuta hizo ni nene, lakini ndani ni laini, na mashine inayotoboa kwa kugonga huvunja pande zima la chokaa ili kupata tundu la milimita 8. Waliozijenga walilijua hilo. Lamu waliweka akiba ya vyombo ndani ya unene wa ukuta, katika zidaka, na vya jikoni wakavitundika kwenye susu au kuvipanga juu ya kichanja. Mzigo wa jikoni haukuning'inia kwenye uso wa ukuta. Anayekarabati jikoni katika nyumba za namna hiyo afanye hivyo hivyo: makabati yasimame kwa miguu yake, marefu yakibidi, na ukuta uachwe ulivyo. Miji ya Zanzibar na Lamu ni urithi wa dunia, mmoja tangu mwaka 2000 na mwingine tangu 2001, lakini sababu ya kutozitoboa kuta hizo ilikuwepo kabla ya UNESCO.

Sasa nije kwa mpishi. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jikoni kwa ajili ya nyumba za umma za Frankfurt, Ujerumani, chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, ambamo kila droo na kila rafu ilikuwa na mahali pake palipofikiriwa. Jikoni kama 10,000 za aina hiyo zilijengwa. Katika ukoo huo wa jikoni za vipimo vya kiwandani ndimo tulimorithi kabati la kina cha sentimita 60 na kaunta ya kimo cha sentimita 90, ambavyo leo karakana nyingi huviandika bila kuuliza mpishi ni nani. Wataalamu wa mpangilio wa kazi hushauri uso wa kazi nyepesi, kama kukata mboga, uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko, na ule wa kazi ya kukandamiza ushuke zaidi. Mama mwenye kimo cha sentimita 155 ana kiwiko karibu na sentimita 97. Kwa hiyo kaunta yake ya kukatia iwe kati ya 82 na 87, na ya kukandia unga wa chapati iwe chini ya hapo. Ile ya 90 inamwinua mabega kutwa nzima.

Na bado hatujafika kwenye jiko lenyewe. Majiko yetu mengi ya gesi ni yale ya plati mbili yanayowekwa juu ya kaunta. Jiko lina kimo cha kama sentimita 12, sufuria ya ugali ina 20. Weka hivyo juu ya kaunta ya 90, mdomo wa sufuria uko sentimita 122 kutoka sakafuni, karibu na bega la mama yule yule, na anatakiwa ausonge ugali kwa mwiko akiwa ameinua viwiko kama mtu anayepiga kasia. Wengi huishia kulishusha jiko sakafuni, na familia inashangaa kwa nini jikoni mpya ya gharama haitumiki. Dawa ni kuikata kaunta mahali pa jiko, sehemu hiyo ikae kwenye sentimita 65 au 70. Hakuna karakana itakayopendekeza hilo, kwa kuwa katika mchoro wao linaonekana kama kosa. Ukipima mwenyewe, utapima mtu kabla ya kupima chumba: asimame na viatu anavyovaa jikoni, akunje mkono, na futi kamba ianzie kiwikoni.

Kwa hoja hiyo hiyo ya kwamba kila kazi iende mahali pake, kukata kubaki karakanani. Shiti moja ya MDF ya milimita 18, ile ya futi 8 kwa 4, ina karibu kilo 39, na mtu mmoja hawezi kuikata sawasawa kwa msumeno wa mkono bila ukingo kutafunwa. Ukingo uliotafunwa haushiki utepe, na ukingo usio na utepe tumeshaona maji yanaufanya nini. Lipo pia suala la vumbi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, linaliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2004 liliiingiza humo formaldehaidi, ambayo imo katika gundi nyingi za mbao za kushindiliwa. Sisemi hivyo kumtisha mtu na kabati lake. Ubao uliofunikwa pande zote hutoa kidogo sana. Nasema kukata shiti nane sebuleni, watoto wakiwa chumba cha pili, ni jambo lisilofaa wakati maduka mengi ya mbao mjini yana mashine inayokata kwa vipimo unavyowapa na kubandika utepe hapo hapo.

Ukiwapa vipimo, wape vilivyo sahihi, kwa sababu mashine inakata kosa lako kwa unadhifu mkubwa. Kosa la kawaida ni kusahau unene wa ubao. Kabati la upana wa milimita 800 lenye mbavu za milimita 18 lina sakafu ya milimita 764, maana mbavu mbili zimekula 36. Anayeandika 800 atapata kabati la 836, na makabati matano yaliyopangwa mstari mmoja yatazidi ukuta kwa sentimita 18. Kosa la pili ni kuchanganya vipimo. Mafundi wengi hufikiri kwa inchi, mashine hukata kwa milimita, na inchi 32 si milimita 800 bali 813. Chagua kimoja tangu mwanzo. Na ukuta usiupime mara moja. Pima karibu na sakafu, pima kwenye kimo cha kaunta, pima juu, maana kuta zetu hazisimami sawa. Tumia kile kidogo, kisha ukipunguze kama sentimita mbili, pengo utalifunika kwa kibao. Kona nayo ipimwe: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari kati ya alama hizo ukitoa 100 kamili, kona ni ya mraba. Ukitoa 102, kona imefunguka, na ni heri ulijue hilo ungali na penseli mkononi.

Najua wapo watakaouliza, na wana haki: fundi seremala ataishi vipi kama kila mtu atajifungia makabati? Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu seremala hodari ni mtu ambaye mtaa unamhitaji. Lakini angalia anapopata faida yake. Anaipata kwenye mashine, kukata, kuunga, kubandika, kupaka rangi, ambako siku moja inatoa masanduku kadhaa. Siku ya kufunga inamtoa karakanani, inamweka kwenye foleni ya magari, inamkutanisha na ukuta asiouhesabu katika bei, na akikuta lipu inabomoka hana pa kuongeza malipo. Haraka inayoharibu ufungaji haitokani na uvivu wake. Inatokana na bei iliyokubaliwa kabla ya ukuta kutobolewa. Mwenye nyumba akiichukua siku hiyo, seremala hakunyang'anywa chakula. Na pale mwenye nyumba asipoweza, basi amlipe fundi kwa siku za kufunga peke yake, mbali na bei ya makabati, ili subira nayo iwe na mshahara.

Wengine watasema vifaa ni ghali. Mashine ya kutoboa inayogonga ndiyo pekee yenye bei ya kufikirisha, nayo huazimwa au hukodishwa. Vilivyobaki ni futi kamba, bisibisi, skwea, pima maji, vibanio viwili, na mpira mwembamba unaoona ndani, wa mita kumi hivi. Mpira huo ukijazwa maji bila povu ndani, usawa wa maji katika ncha zake mbili ni mmoja, hata ncha moja iwe upande mwingine wa chumba. Waashi wetu wameutumia miaka yote, na kwa ukuta mrefu hunishawishi kuliko pima maji fupi, ambayo kosa lake dogo hujirudia kila inaposogezwa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la hatari, na sitalipunguza. Ukutani mna nyaya, na kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe katika mstari huo, juu wala chini yake, na umeme wa jikoni uzimwe kwenye swichi yake iliyo katika boksi la umeme, mashine ikipata umeme kutoka chumba kingine ambacho laini yake ni tofauti. Bomba la maji linalopanda kwenye sinki nalo hufuata mstari wa namna hiyo. Kuhamisha soketi, kupitisha bomba la gesi ndani ya kabati, kuunganisha waya wa jiko la umeme, hizo ni kazi za wenye leseni, na ndani ya hoja yangu hazimo hata kidogo. Kaunta ya graniti pia waachie wanaoikata. Jiwe la unene wa milimita 20 lina kama kilo 54 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kaunta ya mita tatu inakaribia kilo 100, na ikivunjika mikononi haiungiki. Mpangaji naye aombe ruhusa ya maandishi kabla ya tundu la kwanza, au anunue makabati ya kusimama atakayohama nayo.

Baada ya hayo, kazi yenyewe ina utulivu wake. Tafuta kwanza mahali sakafu ilipoinuka kuliko kwingine, kwa kuwa kabati linaweza kuongezewa miguu lakini haliwezi kuzamishwa. Kutoka hapo panda hadi kimo cha kaunta ulichopima kwa kiwiko, ukitoa unene wa kaunta yenyewe, na kwa mpira wa maji uchore mstari mmoja kuzunguka kuta zote. Vipimo vyote vitatoka kwenye mstari huo, si kwenye sakafu wala kwenye dari. Makabati ya juu hutangulia, wakati bado unaweza kusimama karibu na ukuta. Funga ubao ulionyooka ukutani, chini kidogo ya yatakapokaa, uwe rafu ya muda. Sanduku likiwekwa juu yake, mtu mmoja analishika na mwingine anatoboa, na hakuna anayebeba kilo 20 kwa mkono mmoja huku akitafuta tundu kwa mwingine. Milango na rafu zitolewe kwanza, uzito upungue. Anza konani. Skrubu zisikazwe moja kwa moja. Ziingie zote, makabati yabanwe pamoja mpaka nyuso zao ziwe uso mmoja, yaungwe, ndipo zikazwe. Panapobaki pengo kati ya mgongo na ukuta uliopinda, tia vijibao vyembamba nyuma ya sanduku penye skrubu, la sivyo utaivuta mbao ifuate ukuta, na sanduku likipindika mlango hautakaa sawa hata bawaba izungushwe mara ngapi. Makabati ya chini yanafuata, kila mguu ukizungushwa mpaka juu ya sanduku pafike kwenye mstari. Milango inarudi mwisho, ikiachiwa pengo la milimita mbili au tatu kati ya mmoja na mwingine.

Usiyajaze siku hiyo. Weka vitu kidogo, vizito kwenye rafu ya chini, na uchore alama ya penseli ukutani sambamba na ukingo wa juu wa kila kabati. Baada ya wiki, kabati likiwa limejaa, rudi na tochi uitazame alama hiyo. Ikiwa imeachana na ukingo hata kwa milimita mbili, toa vyombo vyote, ongeza skrubu, kisha uangalie tena wiki inayofuata.